Nani akae na beta? Konokono, uduvi, koridora, rasibora na gapi kwenye mizani moja

Swali hili huja baada ya wiki mbili tatu. Umeleta nyumbani samaki beta dume, yule ambaye wauzaji wengi humwita faita, mkia umetanda majini kama khanga mpya, na kila ukipita sebuleni unaona nafasi iliyobaki ndani ya tangi. Unaanza kumhurumia. Nimwekee nani wa kukaa naye?

Huruma hiyo naijua, nilikuwa nayo mimi pia. Lakini beta hadai mwenzi. Kwao Thailand, katika mashamba ya mpunga, vinamasi na mifereji yenye maji yanayotembea polepole, dume hushika kipande chake cha maji, hujenga kiota cha mapovu juu yake, na dume mwingine akikaribia humfukuza. Wathai humwita pla kat, samaki anayeuma, na mwaka 2019 nchi yao ilimtangaza kuwa mnyama wa taifa wa majini. Aina tunazofuga sisi zimetokana na samaki waliochaguliwa kizazi baada ya kizazi kwa ajili ya mapigano, na baadaye kwa ajili ya rangi na mapezi, kwa hiyo ukali ulikuwemo tangu zamani na ukazidishwa. Anayetaka mwenzi ni wewe. Si vibaya kutaka, maana tangi lenye uhai chini, katikati na juu linapendeza kulitazama jioni nzima. Ila kila unayemwongeza ni mgeni katika nyumba ya mtu mwenye hasira, na usalama wao wote uko mikononi mwako.

Hapa nawalinganisha watano wanaoulizwa zaidi: konokono, uduvi, koridora, rasibora na gapi. Nawapima kwa mambo yaleyale.

Vipimo tunavyotumia

*Nafasi.* Beta mmoja anaishi vizuri kwenye lita 20. Samaki wengine wakiingia, hesabu inabadilika, maana beta anahitaji eneo lake na mgeni anahitaji pa kukimbilia. Tangi ambalo fundi wa vioo anaweza kukukatia kwa vipimo vya sentimita 60 kwa 30 kwa 30 ni lita 54, na ukishaweka mchanga na kuacha nafasi juu hubaki pungufu kidogo. Hicho ndicho kipimo ambacho mimi naanza kuzungumzia samaki wenza. Chini ya hapo nazungumzia konokono na uduvi tu.

*Maji na joto.* Beta anataka nyuzijoto 24 hadi 28, na pH (kipimo cha asidi ya maji) ya karibu 6.5 hadi 7.5. Dar es Salaam na Mombasa tangi hujipasha lenyewe miezi mingi, na shida huwa ni kuzidi. Nairobi, kati ya Juni na Agosti, usiku hushuka hadi karibu nyuzijoto 12, kwa hiyo hita ni lazima. Mwenza lazima atoke kwenye maji yanayofanana na hayo. Ukimchagua anayependa baridi, mmoja wao ataumia.

*Tabia.* Hapa natazama mambo matatu: je, mgeni ana mkia mpana na rangi kali inayoweza kumfanya beta adhani ni dume mwenzake? Je, ana tabia ya kudonoa mapezi ya wengine? Je, anakaa ngazi gani ya maji? Beta ni wa juu, karibu na uso wa maji.

*Chakula.* Beta ni mla nyama: wadudu, viluwiluwi vya mbu, punje zilizotengenezwa kwa ajili yake. Ni mlafi, naye akishiba kupita kiasi tumbo humvimba.

*Umeme ukikatika.* Kipimo hiki sikioni kwenye maelezo mengi yaliyoandikwa nchi za mbali, lakini kwetu ni cha kwanza kwa uzito. Beta ana kiungo kichwani kinachomwezesha kuvuta hewa moja kwa moja juu ya maji. Pampu ikizimika kwa muda wa saa sita, yeye anapanda, anavuta, anashuka. Wenzake wengi hawana kiungo hicho. Hewa ikipungua majini wote hukimbilia juu, na juu ndiko kwa beta. Kwa hiyo umeme unapokatika kuna matatizo mawili kwa pamoja, upungufu wa hewa na ugomvi.

Jambo moja kabla hatujaendelea. Tangi lazima liwe limekomaa, yaani bakteria wanaogeuza amonia (sumu itokanayo na kinyesi na mabaki ya chakula) kuwa kitu kisicho na sumu kali wawe wameshajaa kwenye chujio. Hilo huchukua kama wiki nne hadi sita. Wanyama wengi wanaosemekana kuuawa na beta waliuawa na amonia, na beta akakutwa kando ya mwili.

Konokono

*Nafasi.* Lita 20 zinatosha kwa beta na konokono mmoja au wawili.

*Maji na joto.* Joto la beta linawafaa. Gamba ndilo la kuangaliwa: maji laini yenye asidi hulila taratibu, na maji magumu hulijenga. Wenye visima vyenye chokaa wana bahati hapa.

*Tabia.* Konokono hana mkia wala haraka. Beta wengi humchunguza siku mbili kisha humsahau. Wachache hudonoa pembe zake, hasa za konokono tufaha, ambazo ni ndefu na hucheza majini kama minyoo. Ukiona pembe zinafupika, mtoe.

*Chakula.* Hula mwani unaoganda kwenye kioo na mabaki. Tangi jipya safi halimtoshi. Mpe kipande cha tango au mchicha uliochemshwa kidogo.

*Umeme ukikatika.* Hapa konokono tufaha anawashinda karibu wote, kwa kuwa ana pafu na mrija wa kuvutia hewa ya juu. Nerita, konokono mwingine wa matangi, hana pafu, lakini huweza kupanda kwenye kioo hadi juu ya maji.

Kati ya hao wawili, mimi namchagua nerita, na sababu yangu haihusu beta. Mayai ya nerita, yale matone meupe yaliyoganda kwenye vioo, hayaanguliwi kwenye maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kwa hiyo hatakujazia tangi. Konokono tufaha hutaga vichane vya mayai juu ya usawa wa maji, na huzaana sana. Mwaka 2020 aina vamizi ya konokono tufaha kutoka Amerika Kusini iligunduliwa katika mashamba ya mpunga ya Mwea, Kenya, na wakulima wanapambana nayo. Wa kwenye matangi ni ndugu zake, na kuwatofautisha kwa macho ni kazi. Ukimfuga, ponda mayai, na usimwage konokono wala maji ya tangi kwenye mtaro, mto au shamba hata mara moja.

Na usimwokote konokono mtaroni au ziwani ukamleta nyumbani ili kuokoa fedha. Baadhi ya konokono wetu wa maji baridi hubeba vimelea vya kichocho, na mkono wako utaingia ndani ya tangi hilo kila wiki. Nerita wa kwenye miamba ya pwani, wale unaowaona bahari ikipwa, nao hawafai. Ni wa maji ya chumvi.

*Anamfaa nani.* Mwenye tangi dogo, mwenye beta mkali, na anayeanza.

Uduvi

Nasema uduvi wa kufugwa wa maji baridi: wale wadogo wekundu wa sentimita 2 hadi 3, na wale wakubwa kidogo, wasio na rangi kali, waitwao amano kwa jina la Takashi Amano, Mjapani aliyewapa umaarufu kama walaji wa mwani kwenye matangi yenye mimea.

*Nafasi.* Lita 20 zinawezekana, 40 ni bora, na mimea iwe mingi kuliko unavyodhani. Mimea ya mosi (moss), mizizi inayoelea na mafungu ya majani ndiyo yatakayoamua kama watabaki.

*Maji na joto.* Wanaishi kwenye joto la beta, ila maji yakizidi nyuzijoto 28 huanza kutaabika. Dawa yoyote yenye shaba huwaua, hata ile uliyomwekea beta kwa nia njema.

*Tabia.* Uduvi hamchokozi mtu. Shida ni kwamba kwa beta yeye ni chakula. Beta mmoja atawaacha mwaka mzima, mwingine atawamaliza kwa wiki. Wakubwa wa amano wana nafasi nzuri zaidi ya kupona kwa sababu hawaingii mdomoni. Watoto wa uduvi wekundu wataliwa wengi, hilo likubali kabla ya kununua.

*Chakula.* Mwani, majani yaliyooza, mabaki. Hawashindani na beta.

*Umeme ukikatika.* Dhaifu. Hewa ikipungua kwenye maji ya moto, uduvi ni miongoni mwa wa kwanza kufa.

*Anamfaa nani.* Mwenye tangi la mimea lililokomaa miezi mitatu au zaidi, na ambaye ameshaona tabia ya beta wake. Asiyeweza kuvumilia kupoteza hata mmoja asinunue.

Koridora

Hawa ni samaki wa chini kutoka Amerika Kusini, wenye sharubu na mwili uliofunikwa mabamba kama vigae. Nawapenda sana, na nikijua kuwa ninawapenda najitahidi kuwapima kwa haki.

*Nafasi.* Hawaishi wawili. Wanataka kundi la sita au zaidi, la aina moja. Koridora kibete, wa sentimita 3 tu, kundi lake linaweza kuishi kwenye lita 54. Aina kubwa zaidi, kama sterbai anayefika sentimita 6 hivi, zinahitaji lita 80 kwenda juu. Chini kuwe na mchanga laini, si kokoto zenye ncha, maana hutafuta chakula kwa kufukua na sharubu hukatika.

*Maji na joto.* Hapa ndipo watu hukosea. Koridora si kitu kimoja. Koridora panda anapenda maji ya nyuzijoto 20 hadi 25, na kumweka kwenye tangi la Dar mwezi wa Februari ni kumtesa. Sterbai anastahimili nyuzijoto 24 hadi 28 bila shida. Kwa hiyo muulize muuzaji jina la aina, na akikujibu «koridora tu», mwombe muda ukatazame picha kwanza.

*Tabia.* Wapole, rangi zao za udongo, mkia mdogo, na wanakaa ngazi ambayo beta haidai. Koridora kibete hupenda pia kuogelea katikati, lakini bado ni mdogo na hafanani kabisa na mpinzani. Kudonoa mapezi hawajui.

*Chakula.* Vidonge vinavyozama. Beta akiviona atashuka kuviiba, na nimewahi kumtibu beta aliyevimba kwa wizi huo. Walishe koridora baada ya kuzima taa. Wanatumia sharubu, wataviona gizani, beta hataviona.

*Umeme ukikatika.* Wazuri kuliko watu wanavyotarajia. Koridora hupanda ghafla hadi juu, humeza funda la hewa na kulitumia kwa njia ya utumbo. Kwa nyumba inayokatiwa umeme mara kwa mara, hii ni sifa kubwa.

*Anamfaa nani.* Mwenye lita 54 na kuendelea, mchanga laini, na subira ya kulisha usiku.

Rasibora

*Nafasi.* Rasibora harlequin, mwenye pembetatu nyeusi ubavuni, hufika sentimita 4 hadi 5 na hutaka kundi la wanane. Lita 60 ni mwanzo. Urefu wa tangi una maana kuliko kina, kwa kuwa wanaogelea kwenda na kurudi.

*Maji na joto.* Ni jirani wa kweli wa beta: anatoka kusini mwa Thailand, Malaysia, Singapore na Sumatra, katika maji laini yenye joto. Tangi likiwa sahihi kwa beta, ni sahihi kwake. Maji ya kisima yenye chumvichumvi hayapendi.

*Tabia.* Mkia mfupi, umbo tofauti, mbio nyingi. Beta akimkurupusha hamfikii, na baada ya siku chache huacha. Kundi likiwa dogo, la watatu au wanne, wanaingiwa na hofu na baadhi huanza kudonoa, kwa hiyo usipunguze idadi ili kuokoa fedha.

Wengi huuliza kuhusu tetra neon badala ya rasibora. Anawezekana, ila anapenda maji yaliyopoa kidogo na kwenye makundi madogo hudonoa mapezi marefu. Tetra ember, yule mdogo wa rangi ya kaa la moto, anastahimili joto zaidi.

*Chakula.* Punje zilizosagwa. Ni wepesi kuliko beta, kwa hiyo mlishe beta kona moja na rasibora upande wa pili kwa wakati uleule.

*Umeme ukikatika.* Udhaifu wao uko hapa. Kundi la wanane linavuta hewa nyingi majini. Ukiwafuga, nunua pampu ya hewa ya betri kabla hujawanunua wao. Ikikosekana, chota maji kwa kikombe na uyamimine tena kutoka juu, dakika chache kila nusu saa.

*Anamfaa nani.* Mwenye tangi refu, umeme wa kuaminika au pampu ya akiba, na hamu ya kuona kundi likigeuka pamoja.

Gapi

Gapi ndiye wa bei nafuu zaidi, na ndiye ambaye wauzaji wengi hukupendekezea kwanza. Mimi pia nilipendekezewa. Niliweka madume wanne wenye mikia ya machungwa pamoja na beta wangu wa buluu. Siku ya kwanza kimya. Asubuhi ya tatu wawili hawakuwa na mikia, na beta mwenyewe alikuwa amechanika pezi kwa kukimbizana nao. Niliwatenganisha siku hiyohiyo. Pamoja na hayo najua watu wanaowafuga pamoja miaka bila tatizo, kwa hiyo sitawafungia mlango.

*Nafasi.* Lita 54 na zaidi, yenye mimea mirefu ya kukatisha macho.

*Maji na joto.* Joto linalingana. Maji gapi huyapenda magumu kidogo, pH 7 hadi 8, kwa hiyo wanakutana na beta katikati, karibu 7 hadi 7.5. Kwa maji ya visima vingi vya pwani, gapi atafurahi kuliko beta.

*Tabia.* Dume la gapi lina kila kitu kinachomkera beta: mkia mpana, rangi, mwendo wa kujionyesha, na linapenda ngazi za juu. Baadhi ya madume nayo hudonoa mkia wa beta. Majike, wenye rangi ya kufifia, ni salama zaidi.

*Chakula.* Karibu chochote, pamoja na mboga. Punje za beta peke yake si nzuri kwao.

*Umeme ukikatika.* Wanastahimili vizuri kiasi, kwa kuvuta maji ya usoni penye hewa zaidi. Tatizo ni kuwa hapo ndipo atakapowakuta beta.

Jike huzaa kila baada ya wiki nne hivi, na hutunza mbegu za dume kwa miezi, kwa hiyo hata ukinunua majike peke yao, huenda wameshabeba. Beta atakula vitoto vingi, si vyote.

*Anamfaa nani.* Mwenye beta mpole aliyekwisha kumjua, maji magumu, na tangi la pili tayari.

Wasioingia kwenye mizani

Dume wa pili wa beta, kamwe. Jike naye huwekwa kwa uzazi tu, chini ya uangalizi, kisha hutolewa. Gurami ni ndugu wa beta na wanagombana kindugu. Mbuna wa Ziwa Nyasa ni wazuri ajabu, lakini maji yao ni ya pH ya karibu 8 na wana ukali wao wenyewe. Samaki wa dhahabu anataka maji yaliyopoa na huchafua haraka. Barbi wenye milia hudonoa mapezi mpaka beta ashindwe kuogelea.

Kulingana na hali yako

Una lita 20 mpaka 40: nerita mmoja au wawili, basi. Mimea ikikomaa, jaribu amano watatu.

Una lita 54 na umeme unakatika mara kwa mara: koridora kibete sita, au sterbai ukipanda hadi lita 80.

Una tangi la urefu wa sentimita 80 na pampu ya betri: rasibora wanane, na wa chini ukipenda wawe koridora. Waingize kwa awamu mbili zilizoachana wiki tatu, ili bakteria wamudu.

Maji yako ni ya kisima, magumu: nerita kwanza, kisha majike ya gapi ukiwa na pa kuwapeleka watoto.

Beta wako ni wa mkia mfupi: ni mwepesi na anafikia kila kona, kwa hiyo uduvi na gapi wafikirie mara mbili. Akiwa wa mkia mrefu, hatari inageuka, yeye ndiye wa kulindwa dhidi ya wadonoaji.

Vyovyote utakavyochagua, mtenge mgeni wiki mbili hadi nne kwenye chombo kingine uone kama ana ugonjwa. Siku ya kumwingiza, mtoe beta, hamisha mawe na mimea, weka wageni, zima taa, kisha mrudishe beta mwisho, ili akute nyumba ambayo haijawa yake bado. Kaa karibu siku mbili za kwanza. Kufungua matamvua na kufukuza kidogo ni kawaida. Pezi lililochanika, mgeni anayejificha asile, au beta aliyeacha kula ni sababu ya kutenganisha usiku huohuo, na chombo cha lita 10 chenye mfuniko kiwe kimeshaandaliwa kabla ya hapo.

Na kama beta wako ni mzee, amepita miaka miwili na mwendo umepungua, mwache peke yake. Mwongezee jani pana karibu na uso wa maji, mahali pa kulala bila kupanda mbali kuvuta hewa.